Nyayo Kwenye Rafu ya Baridi

Sifa ni kwa Mungu anayeangusha mvua ya mawe juu ya mahindi yetu na bado akatuachia ya kula. Yeye alinipa macho ya kusoma maandishi madogo hadi uzeeni, akanipa kazi ambayo sikuhitaji kupaza sauti ndani yake. Namtanguliza yeye, kisha nitasema yangu.

Vijana wangu, mmekuwa mkiniuliza baada ya ibada ni kazi gani hasa mtu anafanya maktabani kutwa nzima. Mmoja wenu, anayeniita kukhu, yaani bibi, aliniambia, "Kukhu, si ulikuwa unakaa tu hapo ukiambia watu wanyamaze?" Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Ni kweli niliwanyamazisha wengi, na baadhi yao leo ni wachungaji wanaohubiri bila kunyamaza. Lakini kitabu ni kama mtoto mchanga. Ukikiacha peke yake hakikai vile ulivyokiacha. Kinanyonya unyevu, kinavimba, kinaliwa na wadudu, kinaota kuvu. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia kupigana na maji.

Nilitoka kwetu Myanga nikiwa msichana mwembamba, nikaja Kitale kuanza kazi chini ya Mzee Njoroge. Watu wake walihamia Trans-Nzoia kutoka katikati ya nchi zamani, wakalima, lakini yeye alipenda karatasi kuliko jembe. Kila asubuhi alipita kati ya rafu akinusa. Hakuwa na haja ya kufungua kitabu kujua kama kinaumwa. "Kitabu kizima kinanuka kama vumbi la barabarani," aliniambia. "Kile kigonjwa kinanuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo."

Wiki zangu za kwanza mvua iliingia kupitia dirishani ikalowesha vitabu vya historia. Mzee hakuwepo. Nikaona jua la Kitale limetoka kali, nikavitandaza nje kwenye nyasi kama mama anayeanika mtama. Mzee alirudi saa sita. Vile vitabu vilikuwa vimejikunja na kuumuka, majalada yameinuka juu.

"Rodah," akasema bila kukunja uso, "leo umetupikia mandazi?"

Kuanzia hapo nilijua: kitabu kinakaushwa kwa hewa, kivulini, kimesimamishwa wima na kufunguliwa kama kipepeo, na karatasi za gazeti katikati ya kurasa, ukizibadilisha zikilowa. Halafu usigandamize rafu ukutani. Acha nafasi ya kupita mkono wako, ili ukuta upumue na rafu ipumue. Siku hizi mna mashine ya kupima unyevu, nzuri sana, na kompyuta inayokuambia kitabu kiko wapi. Nawashukuru walioziunda. Lakini pitisheni mkono nyuma ya rafu.

Mzee Njoroge alikuwa na desturi nyingine niliyoiendeleza hata baada ya yeye kustaafu. Kila mwezi tulitenga rafu moja karibu na mlango, tukaweka hapo vitabu vya aina mbalimbali vinavyounganishwa na jambo moja. Mwezi huu maziwa, mwezi ujao safari, mwingine ndugu wanaogombana. Mtu aliyekuja kutafuta kitabu cha kufuga ng'ombe alijikuta ameondoka na hadithi. Mzee aliita huko kuwavua watu kama samaki.

Miaka yangu ya mwisho kazini tulipata makasha ya vitabu kutoka ng'ambo, zawadi ya wafadhili. Tulipoyafungua, tukaona baridi tupu. Walitutumia vitabu vyao vya majira ya baridi, labda kwa sababu walikuwa wamechoka nayo. Nikasema sawa, mwezi wa saba unakuja, Kitale yenyewe inatetemeka kwa ukungu, rafu ya mwezi itakuwa ya majira ya baridi.

Niliweka riwaya ya mauaji katika nyumba iliyozungukwa na theluji, na kitabu cha wanyama wanaolala miezi bila kula. Niliweka cha mapishi ya supu nzito, cha fizikia kinachoeleza kwa nini maji yakiganda yanapasua mtungi, mashairi ya mtu aliyeonekana kulia kila jani likianguka, na mwongozo wa kuokoa watu waliopotea milimani. Chini kabisa niliweka kitabu kikubwa cha picha za vijiji vya huko, kizito kama jiwe la kusagia, chenye muhuri wa vitabu vinavyosomewa humo ndani tu.

Wasomaji walifurahi. Mama mmoja wa Kibomet aliangalia picha akaniuliza, "Ati hawa watu wanajifungia ndani miezi yote hiyo? Si shamba linalimwa na nani, bana?" Na wanafunzi wakaanza kuandika insha ambamo theluji ilianguka Kibomet na babu akateleza akienda kukama.

Lakini rafu ile haikuwa mahali pake pa kawaida. Mlangoni palikuwa pakirekebishwa sakafu, kwa hiyo fundi aliihamishia kona ya ndani, akaipigilia misumari moja kwa moja kwenye ukuta unaotazama Mlima Elgon. Mkono haukupita nyuma yake. Na pale palikuwa na baridi. Sisemi ya kuwaziwa. Wasomaji waliokaa meza ya karibu walihama mmoja mmoja bila kuambiana, mpaka ile meza ikabaki tupu hata siku ambazo maktaba ilijaa.

Aliyekaa pale ni mama mmoja tu.

Alikuwa wa Bokoli, upande wa Webuye. Siku za soko alileta vitunguu Kitale, akishamaliza kuuza alikuja maktabani na kikapu kitupu. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akiwa amevua viatu.

"Vaa viatu, mama," nikamwambia. "Hapa si madhabahuni."

"Nasikia mko na vitabu vya barafu."

"Tunavyo. Unataka cha aina gani?"

"Kile kinaonyesha baridi inafanyia mtu nini."

Jina lake lilikuwa Mama Wafula, na Wafula ndiye aliyemleta. Kijana wake wa pekee alienda kufanya kazi nchi ya baridi kupitia wakala fulani. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha simu zikanyamaza, namba ikawa haipatikani, na wakala akahama ofisi. Mvua za masika zilikuja zikaisha, hakuna neno.

Hakusoma Kiingereza, hivyo nilimsomea nikigeuza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kiliponipungukia, kwa Kibukusu. Aliniuliza kama vidole vinauma vikiganda. Aliuliza kama mtu aliyelala chini ya theluji anasikia wanaomwita. Nilimsomea kilichoandikwa, wala sikupunguza. Alisikiliza kwa utulivu, kama mtu anayeelekezwa njia.

Kisha nikafungua kile kitabu kikubwa cha picha, ili apumzike na maneno. Picha moja ilichukua kurasa mbili nzima. Uwanja mweupe, nyumba moja mbali yenye mlango mweusi, moshi kidogo. Chini, pembeni, nyayo za mtu mmoja zilianza, zikapanda mpaka kwenye tuta la theluji, zikapotelea nyuma yake. Toka pale hadi mlangoni, theluji ilikuwa safi kabisa.

Mama Wafula alishika ukingo wa meza.

"Mguu wa kushoto unatazama nje," akasema. "Ni jembe la ng'ombe lilimkata akiwa mdogo. Mwalimu, huyu ni Wafula. Ako nyuma ya hilo tuta."

Nilimwambia kwa upole kuwa picha ile ilipigwa zamani, pengine kabla mtoto hajazaliwa. Akaitikia kwa kichwa. Lakini kila siku ya soko alirudi kwenye ukurasa ule ule. Na siku moja, ukungu ukiwa umeshuka mpaka hatuoni mti wa uani, aliniita kwa mkono.

"Ametokea upande huu."

Nikainama. Mbele ya tuta, pale palipokuwa safi, palikuwa na alama ndogo ya kijivu. Na nyingine juu yake kidogo.

Nilijiambia sikuangalia vizuri mwanzoni. Macho ya mzee yanasahau. Nikakata ukanda wa karatasi, nikaulaza juu ya ukurasa ncha yake ikigusa alama ya mwisho, nikafunga kitabu polepole. Siku ya soko iliyofuata tulikifungua pamoja. Ukanda ulikuwa pale pale. Mbele yake palikuwa na alama mpya.

Vijana, mimi nimelelewa kanisani. Siamini mizimu wala siogopi wafu. Lakini sikuweza kukifunga kitabu. Mama Wafula ndiye aliyekifunga. Alikuwa akitabasamu.

Usiku ule niliomba, na asubuhi nikaenda kazini mapema, nikafungua madirisha, nikachukua kioo cha kukuzia. Kisha nikafanya kile nilichofunzwa, nikanusa. Kitambaa cha kuoshea vyombo. Ilikuwa kuvu. Ukuta ulinyonya maji kutoka mfereji wa paa uliopasuka, rafu ikanyonya ukutani, kitabu kikanyonya rafuni. Nikashusha pumzi, nikacheka peke yangu.

Kisha nikaangalia tena, na kicheko kikaniishia. Nimeona kuvu maisha yangu yote ya kazi. Inaota kwa mafungu, kama upele, inasambaa kutoka katikati kwenda pande zote. Sikuwahi kuiona ikitembea. Hii ilienda kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ya kushoto ilielemea nje.

Kazi ilinidai jambo moja tu. Unajifunga kitambaa puani, unafagia kuvu kwa brashi laini ukiwa nje, halafu unapitisha pamba yenye spiriti kidogo. Usipofanya hivyo, inahamia kitabu cha pili na cha tatu. Mama Wafula alipokuja nilimweleza yote, nikamwonyesha chupa ya spiriti.

"Usifute," akasema.

"Mama, ni ugonjwa wa karatasi. Utaambukiza vingine."

"Basi kitenge peke yake. Lakini usimfutie mtoto njia yake, mayi. Nakuomba."

Aliniita mayi, mama, na mimi namzidi kidogo tu kwa umri. Nikarudisha chupa kabatini. Nilivisafisha vitabu vingine vyote, nikamlazimisha fundi kung'oa misumari, na kile kimoja nikakilaza ndani ya kasha lake, na magazeti makavu chini na juu.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kikimkimbiza, maana nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui. Kwetu, mtu akipotelea mbali na ukoo ukakubaliana kuwa amekufa, haachwi bila kaburi. Wanakata shina la mgomba, wanalivika nguo yake, wanalizika kwa jina lake. Hapo msiba unaisha, watu wanalala. Lakini jina likishaingia ardhini, limeingia. Mwenyewe akitokea baadaye akiwa hai, hapiti langoni. Watu wanamkimbia kama kivuli. Kuna waliokatiwa ua kwa nyuma ili waingilie hapo, wakafanyiwa mambo mengi, na bado hakuna aliyetaka kula nao sahani moja. Ukoo wa Bokoli ulikuwa umechoka kungoja, na siku ilikuwa imepangwa.

Mama Wafula alituma watu waje kunichukua.

Nilikuta shimo limeshachimbwa kando ya migomba. Shina lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, limevikwa shati la shule, limefungwa vifungo mpaka shingoni, pale ambapo shingo ingekuwa. Maji ya mgomba yalikuwa yanalowesha kola. Nawaambia ukweli, nimesimama mbele ya maiti nyingi, na hakuna iliyonitisha kama lile shina. Lilionekana kama limeshika pumzi.

Mzee Makokha, ndugu wa marehemu mume wa Mama Wafula, alinikaribisha kwa heshima. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa na wa vitabu. Shemeji anasema umemwona kijana akitembea. Sema mbele ya watu."

"Niliona alama kwenye picha," nikasema. "Nilizichunguza. Ni kuvu."

Kijana mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko. "Ati kuvu? Bana, tumesimamisha matanga juu ya kuvu?"

"Nyamaza wewe," Makokha akamkemea, lakini naye alikuwa ameshageukia shimo. "Basi tumesikia. Inueni."

"Ngojeni." Mama Wafula hakuwa amelia wala kupaza sauti. Alinitazama mimi tu. "Sijakuuliza ni nini, mwalimu. Zinaelekea wapi?"

Nilitamani kuwa mahali pengine. Kusema uongo mbele ya kaburi sikuweza, na ukweli ulikuwa mmoja tu.

"Zinaelekea mlangoni."

"Zimefika?"

"Bado."

Akapiga magoti mkekani, akaanza kufungua vifungo vya lile shati, kimoja baada ya kingine, kama anayemvua mtoto aliyesinzia. Alipomaliza alilikunja, akaliweka kifuani.

"Shemeji," Makokha akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "shimo likishachimbwa haliwezi kulala wazi. Unajua."

"Mzike mgomba basi. Ni mgomba. Jina lake hamtalitia humo."

Walinong'onezana kwa muda mrefu. Mwishowe shina likashushwa uchi lilivyo, na mimi nikaombwa niombe. Nilimshukuru Mungu kwa migomba, kwa kivuli chake na kwa waliokula ndizi zake, nikasema amina. Wengine walikasirika, wengine walificha vicheko. Jina la Wafula halikutajwa.

Wafula alirudi kiangazi kilipoanza. Alipita langoni mchana kweupe, mama yake akichuma mboga. Alikuwa ameteleza kwenye barafu akaumia vibaya, akalazwa, simu ikapotea, kazi ikaisha, na alipopona aliona aibu kupiga nyumbani akiwa mikono mitupu. Aibu tu, vijana wangu. Kwa ajili ya aibu, ukoo wake nusura umzike. Msifanye hivyo. Pigeni simu, hata kama hamna kitu.

Mzee Makokha ndiye aliyemshika mkono wa kwanza. "Tulikuzikia mgomba, kijana," akamwambia. "Umetukosesha ndizi."

Siku ya soko mama yake alimleta maktabani. Nilimtambua kabla hajasema, kwa mguu wa kushoto. Nilifurahi mpaka nikasahau kanuni yangu, nikapiga vigelegele kati ya rafu, na wanafunzi wakaniambia ninyamaze.

Mama Wafula akataka nimwonyeshe ile picha. Nikaleta kasha, nikaondoa magazeti, nikafungua. Ukurasa ulikuwa baridi mkononi, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Nyayo zilikuwa zimesogea. Zilivuka sehemu kubwa ya uwanja, zikabakiza kipande kidogo tu kufika kwenye mlango mweusi.

Wafula aliinama akatazama kwa makini.

"Hapa ni wapi?"

"Si kule ulikuwa?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama. Sisi tulikuwa mjini, ghorofani. Theluji walikuwa wanaifagia kabla hatujaamka. Nyumba kama hii sijawahi kuiona." Akaweka kidole karibu na alama ya mwisho, bila kugusa, kisha akakiondoa haraka. "Sasa huyu ni nani?"

Nilisikia maji ya mfereji mpya wa paa yakidondoka, na mvua haikuwa imenyesha. Nikafikiri, sasa nitaleta ile chupa ya spiriti, nimalize kazi yangu. Nikaanza kuinuka.

Mama Wafula alinishika mkono.

"Basi ni wa mama mwingine," akasema. "Usifute, mwalimu. Huyu bado hajafika."

Nimestaafu sasa. Nilipokabidhi funguo, nilimwomba aliyechukua nafasi yangu asilifungue kasha lile karibu na vitabu vingine, na asilitupe. Mama Wafula, ambaye mwanawe analima naye Bokoli na kula naye jioni, bado anakuja maktabani kila siku ya soko akimaliza kuuza vitunguu. Anafunguliwa ukurasa ule, anakaa nao kidogo, anaomba, anaondoka. Nami nyumbani kwangu, ukungu ukishuka, huwa namtaja katika sala yule asiye na jina.

Wewe unayesoma haya, Mungu akutie nguvu miguuni popote ulipo. Akukinge na baridi ya nje na ile ya ndani ya moyo, akuwekee mtu asiyechoka kuuliza umefika wapi, na ukifika, mlango uwe wazi. Amina.